Goti liligoma siku ya tatu: kisa cha safari ya baiskeli kwenye vilima na vijiji vya kale

"Kaka, mi siwezi tena, goti linawaka."

Jamaa niliyekuwa nasafiri naye alisema hivyo akiwa ashashuka kwenye baiskeli, kaishika kwa mkono mmoja na mkono mwingine kaukandamiza juu ya goti la kulia. Tulikuwa kilomita ya 41 ya siku ya tatu, kijiji tunakiona kabisa pale juu, ukuta wa mawe na mnara, zimebaki kilomita 2.6 tu. Huyu ni mtu mwenye pumzi kuliko mimi, anakimbia, anaendesha mwaka mzima, mi naendesha nikipata nafasi. Na bado ye ndo kakwama na mi goti halikuniuma hata kidogo, siku ile wala baadaye. Hilo ndo lililonifanya nikikalie hiki kisa nikichambue, kwa sababu kila tuliyemsimulia alijibu jibu lilelile, "hamkufanya mazoezi ya kutosha", na kwa huyu jamaa jibu hilo ni la uongo kabisa.

Nieleze hali ilivyokuwa. Safari ya siku tisa, watu wawili, mizigo yetu wenyewe, nchi ya vilima na vijiji vya zamani vilivyokaa juu ya vilima. Siku ya kwanza kilomita 92 na mita 600 za kupanda kwa jumla. Siku ya pili kilomita 74 na mita 1,180, humo ndani kama kilomita 4 za mawe ya kupangwa. Siku ya tatu tulipanga kilomita 68 na mita 1,450. Ukiangalia kilomita peke yake unaona tunapunguza kila siku, na ndo hivyo tulivyojiaminisha, kwamba siku ya tatu itakuwa nyepesi. Gawanya mita za kupanda kwa kilomita uone picha nyingine: siku ya kwanza ni mita 6.5 kwa kila kilomita, ya pili 16, ya tatu 21. Yaani tulikuwa tunaongeza ugumu mara tatu huku tukidhani tunapumzika. Mi sa hivi sipangi siku kwa kilomita kabisa kwenye vilima, naanza na mita za kupanda ndo nakuja kwenye kilomita, na nikiwa na mzigo ikipita 20 kwa kilomita naikata siku katikati.

Alafu kuna ule wastani wa programu ya ramani. Mlima wenyewe uliandikwa kilomita 6.2, mwinuko asilimia 5. Asilimia 5 mtu unapanda ukipiga stori. Kumbe kilomita 3.6 za mwanzo zilikuwa asilimia 3 tu, na zile 2.6 za mwisho zikawa asilimia 8, na ndani yake mita kama 400 zinafika 14. Wastani ni sahihi kabisa kihesabu, ila miguu haipandi wastani, inapanda kile kipande kilicho mbele yake.

Na hii sio bahati mbaya ya mlima mmoja, vijiji vya namna hii viko hivyo karibu vyote na sababu zake zinaeleweka. Watu walijenga juu kwa ajili ya ulinzi, umuone adui akiwa mbali na umchoshe kabla hajafika getini, na sehemu nyingine ili wakae mbali na mabonde yenye maji yaliyotuama na homa zake. Njia za kufika juu zilikuwa za miguu na za wanyama wa mizigo, punda na nyumbu, na mnyama wa mizigo hahitaji barabara ya kuzunguka sana, anaweza njia kali zaidi kuliko gari. Barabara pana zenye kona za kupinda na kurudi nyingi zilikuja pale magurudumu yalipohitaji kufika. Sasa hizo kona mara nyingi zinaisha chini ya ukuta, na kuanzia hapo unaingia kwenye kichochoro cha zamani chenyewe, chembamba, cha mawe, kimesimama wima. Ndo maana kipande kikali kuliko vyote cha siku nzima kinakukuta mwishoni kabisa, umechoka, na chini ni mawe yanayoteleza. Ukiwa unapanga njia kwenda kijiji cha aina hii, kikuze kile kipande cha kilomita mbili za mwisho kwenye ramani ukiangalie peke yake.

Haya, turudi kwenye goti. Maumivu yalikuwa mbele, chini ya pia ya goti na pembeni yake kidogo. Yalianza siku ya pili jioni kama kujisikia tu, asubuhi ya tatu yakawepo akishuka ngazi, na kwenye mlima yakawaka. Hakukuwa na uvimbe, goti halikujifunga, aliweza kulikanyagia bila shida. Hayo tuliyaangalia kwanza, kwa sababu goti likivimba ghafla au likijifunga au likikataa kubeba uzito, hapo hakuna cha kuchambua, ni daktari. Hakuanguka wala hakugonga kitu. Kwa hiyo ni goti lililobebeshwa kupita kiasi, swali likawa limebebeshwa na nini, na kwa nini lake na sio langu wakati njia ni ile ile.

Tukaanza na mzigo maana ndo kila mtu anaanzia hapo. Ye ana kilo 72, baiskeli 14, mabegi 19, maji 2, jumla kilo 107. Mimi jumla yangu ilikuwa kilo 105, tofauti ya kilo mbili. Mzigo ukaondoka kwenye orodha ya washukiwa wakubwa.

Tofauti ikaja kuonekana kwenye gia. Baiskeli yake ni nzuri sana, nyepesi, ila gia yake ndogo ya mbele ina meno 34 na kubwa ya nyuma ina 28. Yangu ni ya kizamani kidogo, mbele ina gia tatu, ndogo ya meno 26, na nyuma kubwa ni 34. Tufanye hesabu taratibu, hapa ndo penye utamu wa kisa chote. 34 gawa kwa 28 ni 1.21, zidisha na mzunguko wa tairi ambao ni kama mita 2.15, unapata mita 2.6, yaani kila pedali ikizunguka mara moja kwenye gia yake nyepesi kuliko zote baiskeli inaenda mita 2.6. Yangu ni mita 1.64.

Kwenye miinuko ya asilimia 8 ya siku zile tulikuwa tunaenda kilomita 6 kwa saa hivi, ambayo ni mita 100 kwa dakika. Maana yake ye alikuwa anazungusha pedali mara 38 kwa dakika, mi mara 61. Nguvu ya kupandisha kilo 107 kwa spidi hiyo ni kama wati 150 ukijumlisha na msuguano wa tairi, na mtu kama ye wati 150 anazitoa asubuhi nzima bila kuhema. Pumzi ilikuwepo. Lakini wati ni nguvu ya msukumo mara kasi ya kuzungusha, ukizungusha polepole lazima ukandamize zaidi ili upate wati zile zile. Kwa krenki (mkono unaobeba pedali) ya milimita 170 na mizunguko 38 inatoka wastani wa kama kilo 22 kwenye pedali muda wote, na kwa kuwa mguu hausukumi sawa mzunguko mzima, pale pedali inaposhuka mbele msukumo unakaribia mara mbili ya hapo. Na msukumo huo wote goti linaupokea likiwa limekunjwa. Kwenye vipande vikali kama vya asilimia 14 spidi ilishuka mpaka 5, mizunguko ikawa 32 na wati zinapita 200. Hapo mtu anasimama kwenye pedali anaivuta baiskeli kulia na kushoto, na ndo alivyofanya, mara kadhaa, siku tatu mfululizo.

Kama angekuwa na gia ya 26 mbele na 36 nyuma, kwa spidi ile ile na wati zile zile angezungusha mara 64 na msukumo kwenye pedali ungepungua kwa asilimia 40. Sasa linganisha na mabegi: ukiondoa kilo 6 nzima za mizigo unapunguza asilimia 5 na kidogo tu. Watu wanakata mpini wa mswaki kupunguza gramu, alafu wanapanda milima na gia za mashindano. Mi sisemi mzigo sio kitu, ila kwa goti, gia ni mara saba ya hapo na hakuna anayeiongelea.

Hili jambo lina historia ndefu na kwangu ina uzito. Mfaransa Paul de Vivie, aliyejulikana kama Vélocio, aliyeishi kati ya 1853 na 1930, alikuwa anapanda milima ya karibu na Saint-Étienne akijaribu kila aina ya mfumo wa gia, akihubiri gia nyingi na nyepesi kwa watu wa safari. Waliokuwa kwenye mashindano wengi waliona ni mambo ya wazee. Tour de France iliruhusu mfumo wa kuhamisha cheni mwaka 1937, kabla ya hapo waendeshaji walikuwa wanasimama wanageuza gurudumu la nyuma ili wapate gia ya upande wa pili. Yaani gia nyepesi zilipiganiwa na wasafiri kabla wanamashindano hawajazikubali, na leo msafiri ananunua baiskeli yenye gia za mwanamashindano mwenye kilo 60 asiye na begi hata moja. Mi naona hiyo ni hasara kubwa tumejiletea wenyewe.

Gia peke yake hata hivyo hainitoshi kama maelezo, kwa sababu jamaa amewahi kusafiri na baiskeli hii hii na gia hizi hizi kwenye vilima na goti halikulalamika. Mzigo ulikuwa mdogo kidogo, sawa, lakini bado. Na kwa nini goti la kulia peke yake, hilo pia lilinisumbua usiku mzima (kuhusu kulia, alikuja kusema kwamba ndo mguu anaouanzia kila akisimama na kuondoka tena, na kwenye mlima ule alisimama mara tisa au kumi, mi hilo nalikubali nusu).

Jibu la pili lilipatikana siku ya nne, na lilipatikana kwa kufuta vumbi. Tulikuwa tumelala pale kijijini, ye kapumzisha mguu, mi nasafisha baiskeli zote mbili, nikaona kwenye bomba la siti yake kuna mstari, juu yake chuma kimechafuka vumbi la siku nyingi, chini yake kuna pete ya mikwaruzo mipya. Bomba limezama. Kwenye simu alikuwa ameandika kipimo chake cha nyumbani, kutoka katikati ya krenki mpaka juu ya siti sentimita 74.5. Nikapima, 73.2. Siti imeshuka milimita 13 bila mtu kujua. Bomba lilitolewa ili baiskeli iingie kwenye boksi la usafiri, tukalirudisha tukakaza na kile kifunguo kidogo cha mfukoni, mi ndo niliyekaza, na siku ya pili zile kilomita 4 za mawe zikalishindilia chini kidogo kidogo. Ikishuka kwa mpigo mmoja unashtuka, ikishuka milimita moja moja mwili unajizoesha.

Siti ikiwa chini goti linakunjwa zaidi kila mzunguko, na likikunjwa zaidi huku linasukuma, pia ya goti inakandamizwa zaidi kwenye mfupa wa paja. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba pedali ikiwa chini kabisa goti libaki limekunjwa kama nyuzi 25 hadi 35. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi unashuku siti iko chini au mbele mno, ya nyuma ya goti unashuku iko juu mno. Kwa hiyo kisa kinasomeka hivi: gia nzito ililiweka goti ukingoni, siti iliyozama ikalisukuma, na ratiba iliyozidi kupanda kila siku haikulipatia muda wa kupona. Nikiambiwa nichague moja lenye lawama kubwa nasema gia, kwa sababu kwa gia nyepesi hata siti ikishuka goti lina nafasi ya kuvumilia.

Kuna mengine nayapitia haraka. Mabegi yote alikuwa kaweka nyuma, kwa hiyo kwenye kupanda kwa spidi ya mtu anayetembea gurudumu la mbele lilikuwa linayumba, na kila likiyumba unakaza mwili mzima na kusukuma zaidi ili usianguke. Kula, tulikula tukisikia njaa, wakati kanuni ya Vélocio huyohuyo ni kula kabla hujasikia njaa na kunywa kabla ya kiu. Kuinua kilo 107 mita 1,450 juu ni kazi ambayo mwili unailipia kama kalori 1,600 juu ya kila kitu kingine, hiyo huiokoti kwenye mlo mmoja wa mchana. Viatu vyake vya kunasa kwenye pedali vilikuwa vinateleza vibaya kwenye mawe, zile kilomita 2.6 tulitembea dakika 55 na kusema kweli kutembea ndo ulikuwa uamuzi bora wa siku ile, ila viatu vile vilimtesa.

Tulichofanya baada ya hapo. Siku ya nne mapumziko kamili. Siti ikarudi 74.5, tukakaza vizuri, tukazungushia tepu kwenye bomba pale linapoingia ili likishuka tu mstari uonekane. Mabegi mawili madogo yakahamia mbele chini. Siku ya tano badala ya kuvuka vilima tukafuata bonde, kilomita 31 tu, sehemu kubwa kwenye tuta la reli ya zamani lililogeuzwa njia ya baiskeli. Njia za namna hii kwa mwenye goti bovu ni dawa, kwa sababu gurudumu la chuma juu ya chuma linateleza, reli nyingi za kawaida hazipandi zaidi ya asilimia 2 au 3, zinazunguka kilima badala ya kukiparamia. Ipo ya Parenzana kule Istria (rasi iliyo hasa Kroatia), reli iliyokuwa kati ya Trieste na Poreč, ikafunguliwa 1902 ikafungwa 1935, leo unapita humo kwa baiskeli chini ya vijiji kama Motovun. Ila kumbuka stesheni ilikuwa chini na kijiji kiko juu, kule kupanda kwa mwisho hakukuepuki, unaweza kuamua baiskeli ibaki chini imefungwa, wewe ukapanda kwa miguu.

Siku ya sita tukafika mji mkubwa kidogo wenye fundi. Tulitaka gia ndogo mbele, akasema krenki ile haipokei chini ya 34, matundu yake hayaruhusu. Nyuma ikawezekana: kaseti (lile fungu la gia za nyuma) ya mpaka meno 36, na kile kifaa cha kuhamisha cheni cha nyuma ikabidi kibadilishwe kiwe cha mkono mrefu kwa sababu cha kwanza kisingefika, na cheni mpya ndefu zaidi. Sasa kila mzunguko ni mita 2.03 badala ya 2.6. Kilo 6 za vitu ambavyo havijaguswa siku tano tukazituma kwa posta. Vyote pamoja msukumo kwenye pedali ulipungua kama robo. Sio ile 40 niliyoitaka, lakini mizunguko ilitoka 38 ikaja karibu 50 na sura yake akipanda ilibadilika, alianza tena kuangalia pembeni kwenye mashamba badala ya kuangalia tairi.

Siku ya tisa kijiji cha mwisho kilikuwa na kilomita 1.8 za asilimia 9. Alipanda amekaa, hakusimama kwenye pedali hata mara moja, na tulipofika kwenye geti la ukuta alishuka mwenyewe kwa hiari akasukuma zile mita 150 za mawe. Pale juu nikamuuliza vipi. "Lipo, ila haliwaki." Tukapima siti, 74.5, tepu iko palepale. Nyumbani aliendelea kulisikia kwenye ngazi wiki mbili zingine, likaisha. Krenki mpya yenye 26 mbele ameshaagiza, na sasa hivi tunabishana kama kaseti ya nyuma ibaki 36 au iende 40, mi nasema 40.